Hema Juu ya Kahangwa

Mei Mosi ya mwaka huu, wafanyakazi wa Bukoba nzima walipokuwa wamevaa fulana mpya wakiandamana nyuma ya matarumbeta, Annastella alikuwa ofisini kwenye kiti chake, amenuna. Kazi yenyewe hata haikuwepo. Mratibu wa shirika lao, bwana mmoja aitwaye Protase, alikuwa ametangaza kwamba kwa kuwa wafadhili ni Wamarekani, kalenda ya ofisi nayo itakuwa ya Kimarekani, na Wamarekani hawana habari na Mei Mosi. Wao Siku ya Wafanyakazi wanayo Septemba. Mwamvita, katibu muhtasi, aliuliza kwa adabu zake zote kama basi hiyo Septemba watapumzika. Protase akajibu kuwa ya Septemba yataonekana Septemba.

Msidhani huyu Protase ni mgeni. Ni Mhaya wa hapa hapa, kazaliwa katikati ya migomba, kalelewa kwa ndizi na maharage kama wenzake wote. Alikwenda Ohio miezi mitatu kwa mafunzo. Wengine huenda huko wakarudi na viatu, yeye akarudi na sikukuu. Oktoba iliyopita alichonga boga, akalitoboa macho na meno, akaliweka langoni. Akina mama watatu waliotoka Muleba kufuata miche ya kahawa wakaliona, wakageuza bila hata kubisha hodi, na nani angewalaumu? Jioni Mwamvita alilibeba lile boga kwenda nyumbani akalipika. Novemba ikawa ni bata mzinga, na wafanyakazi wakazungushwa soko zima kumtafuta ndege ambaye hakuna aliyemtamani.

Annastella alikuwa afisa habari. Kila sikukuu ilipokaribia, alitakiwa kuandika ukurasa mmoja wa kubandika ubaoni, wenye kichwa "Asili na Maana". Kosa la Protase lilikuwa hapo, kumpa kazi hiyo mtu anayesoma kweli kweli. Annastella alisoma akakuta kwamba ile ya boga ni mkesha wa Watakatifu Wote, siku ambazo kwao Kishanda watu hufagia makaburi na kupeleka majina ya marehemu wao kanisani. Akakuta kwamba katika ile ya bata mzinga, wenyeji walioketi mezani na wageni waliishia kunyang'anywa ardhi, na wako wajukuu wao ambao mpaka leo siku hiyo huifanya ya maombolezo. Na hiyo Mei Mosi ambayo Protase alisema si ya Wamarekani ilizaliwa Chicago, kwa wafanyakazi waliogoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Kuna waliopigwa risasi, kuna walionyongwa. Dunia inawakumbuka, isipokuwa kwao. Annastella aliyaandika yote hayo, akayabandika asubuhi ile ile ya Mei Mosi. Kabla ya saa sita Protase alikuwa ameyabandua, akamwambia aandike mambo ya kujenga.

Ndipo likaja la Mei ishirini na tano. Wafadhili watatu walikuwa wanakuja kutembelea mradi, na Jumatatu ya mwisho ya Mei kwao ni Memorial Day. Protase akaamua kuwaandalia sherehe, tena isiwe mjini. Iwe Kishanda, wilayani Muleba, kwenye kibanja cha mfano cha mradi, wageni waone migomba na kahawa huku wakila nyama. Kibanja hicho, shamba linaloizunguka nyumba, kilikuwa cha Ma Klaudia, bibi yake Annastella mzaa mama.

Hapa lazima ukweli usemwe, hata kama unauma. Annastella alifurahi. Ni yeye aliyempigia bibi simu akamwomba ruhusa. Bibi aliuliza swali moja tu, hao wageni wanakuja kwa jambo gani. Annastella, ambaye alikuwa bado hajaisoma asili ya siku hiyo, alisema ni sikukuu yao. Bibi akasema wageni ni wageni, waje.

Aliisoma wiki iliyofuata, jioni, kwenye chumba chake cha kupanga kule Kibeta. Alidhani atakuta mambo ya likizo. Akakuta makaburi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani vilipokwisha, mwaka 1865, katika mji wa Charleston, watu weusi waliokuwa ndiyo kwanza wametoka utumwani walikwenda mahali ambapo askari waliopigana upande wa kuwakomboa walikuwa wamefia kifungoni na kufukiwa ovyo shimoni. Zaidi ya mia mbili na hamsini. Wakawafukua, wakawazika upya mmoja mmoja, wakawawekea uzio, kisha watoto wao kwa maelfu wakaja na maua. Wako wanaosema sikukuu ilianzia hapo, wengine wanataja miji mingine, lakini kote habari ni moja: watu walitoka na maua kwenda kwa askari wao waliokufa. Baadaye serikali ikaisogeza siku ile iangukie Jumatatu, watu wapate mapumziko marefu, na tangu hapo wengi wanakumbuka mapumziko.

Annastella aliacha kusoma. Alikuwa anamfikiria babu yake, mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Kahangwa alikuwa na miaka ishirini na mitatu majeshi ya Amin yalipoingia Kagera. Alikwenda na mgambo, akavuka mpaka na jeshi, na mapema mwaka 1979 akauawa huko mbele ya Masaka. Klaudia alikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya mama yake Annastella. Askari mwenzake alirudi na habari, lakini maiti haikurudi. Sasa mtu wa kule asiporudi, hata mfupa wake mmoja, wenyewe hawamwachi azurure. Walikata mgomba wa urefu wake, wakauvika sanda, wakachimba kaburi kibanjani nyuma ya nyumba, wakauzika kama anavyozikwa mtu. Kilio kilipigwa. Wanaume walilala nje penye moto. Kijiji kizima hakikushika jembe la kulima mpaka matanga yalipoanuliwa. Padri alikuja akasoma sala, wala hakuuliza ndani mna nini. Tangu siku hiyo Klaudia amelipalilia kaburi hilo miaka arobaini na saba, akalizungushia mawe, akapanda mti wa mlamula kichwani kuonyesha kwamba hapa kuna mwenyewe.

Basi Annastella aliandika hotuba ya kurasa mbili. Aliandika habari za Charleston, akamtaja na babu yake, akapendekeza wageni wapelekwe kwanza kuweka maua kaburini, ndipo nyama iliwe. Protase aliisoma amesimama. Akazikata kurasa zote mbili kwa kalamu nyekundu, akabakiza salamu. Alisema yeye siku hiyo aliiona kwa macho yake kule Ohio, watu wanachoma nyama, wanacheka, maduka yamejaa, ni mwanzo wa majira ya joto. Akasema mtu haendi kumlilia mfadhili. Kisha akaenda zake kuagiza bango.

Jumatatu hiyo Annastella na Mwamvita walitangulia na gari la asubuhi. Hema lilionekana tangu barabarani, jeupe, kubwa, limesimama pale nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha kahawa. Annastella alishuka akatembea kuelekea huko, akaanza kutafuta mlamula, na hakuuona. Akatafuta mawe. Mawe aliyaona. Matatu yalikuwa mafiga chini ya sufuria la ndizi, na mengine yamekandamiza kamba za hema. Chini ya hema palikuwa pamesawazishwa, pamemwagiwa nyasi mbichi, na viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu. Juu lilining'inia bango lenye nyota na mistari, limeandikwa HAPPY MEMORIAL DAY.

Mwenye hema, Muksini wa Bukoba mjini, alikuja mbio kabla hajaulizwa. Alikuwa mtu mzima, na alikuwa anaona aibu.

"Dada, mimi nilikataa," alisema. "Jana tulipofika wenyeji wote walikuwa misani. Nilimwambia mratibu hapa pana kaburi, tuhame. Akapiga simu kuulizia, akaambiwa mle hamna mtu, mna mgomba. Akacheka. Akasema basi hilo si kaburi, hiyo ni mboji. Dereva wake ndiye aliyeshika jembe."

Annastella aliyapita yale mawe. Alikwenda ndani.

Bibi alikuwa amekaa sakafuni juu ya nyasi, ameegemea ukuta, bado amevaa nguo za misa ya jana. Chai ya jana ilikuwa palepale. Annastella alipiga magoti akamsalimia, bibi akaitikia kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha. Akaanza kuomba radhi, kwamba ni yeye aliyewakaribisha watu hawa. Bibi akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyekubali ni yeye mwenye nyumba. Kisha akasema:

"Wananiambia ni mgomba. Jana yule bwana kanieleza taratibu kama mtoto, bibi, ule ni mgomba tu, ulishaoza zamani. Waitu, migomba naijua, nimeilima maisha yangu yote. Mimi sikuzika mgomba. Nilimzika mume wangu."

Saa tano magari yakaingia. Protase alishuka wa kwanza, amevaa tai yenye nyota. Annastella alimvuta kando, akamwambia hema lihamishwe sasa hivi, uwanja upo, mbele ya nyumba. Protase alitabasamu kwa ajili ya wageni huku akimsema kwa meno yaliyofungwa. Haiwezekani. Ratiba. Kesho asubuhi wageni wanapanda miche na wanakijiji kwenye shamba la mradi, kesho kutwa wanaondoka, kila kitu kimepangwa. Sherehe ikiisha mawe yatarudishwa.

"Migomba humu iko mingi, Annastella," alisema. "Mtazika mwingine. Na kumbuka mkataba wako unaisha Juni."

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna inayokaa chini ikavua viatu. Ya Annastella ilikaa. Alimtazama mtu huyu, mtoto wa Kihaya, ambaye hakuna asichokijua. Angekuwa Mmarekani angesamehewa kwa kutojua. Protase alijua nini maana ya kaburi kibanjani, kwa sababu babu yake mwenyewe amelala katika kibanja cha kwao, na hakuna aliyekwenda kusimamisha hema pale. Alijua, akachagua kutojua kwa kuwa kulikuwa na wageni wa kupigwa nao picha. Annastella akaona haya kwamba mwaka mzima alikuwa amecheka na Mwamvita kuhusu boga na bata, wakidhani ni vichekesho.

Wanakijiji walikuwa wamekusanyika, kama hamsini hivi. Wengi wao walikuwa wameona, na hakuna aliyekubali kukaa chini ya hema. Walisimama pembeni, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na Protase akadhani ni haya za kijijini. Wageni walikaa wenyewe katikati: mzee mmoja mrefu mwenye kofia, mke wake, na mama mwingine wa makamo aliyekuwa akipiga picha. Sahani za nyama zilianza kupita. Protase akashika kipaza sauti. Kwa Kiingereza aliwatakia wote Memorial Day yenye furaha, akasema wananchi wa Kishanda wameona fahari kusherehekea pamoja na marafiki zao mwanzo wa majira ya joto. Kisha akampa Annastella kipaza sauti atafsiri.

Annastella alikipokea. Alianza kwa Kihaya, akamalizia kwa Kiswahili, na hakuitafsiri hata sentensi moja ya Protase.

"Wazee wangu, leo siyo sikukuu ya nyama," alisema. "Leo kule Marekani ni siku ya askari waliokufa vitani. Waliwatoa kwenye mashimo waliyofukiwa, wakawazika kwa heshima, wakawawekea uzio. Hiyo ndiyo asili ya siku hii na hiyo ndiyo maana yake. Na hapa viti hivi vilipo ndipo alipo Kahangwa. Mnamjua. Alikufa vitani ili sisi tukae hapa. Jana amesawazishwa kwa jembe, na mawe yake ndiyo yanayopikia."

Hapo akageuka kwa wageni, akayasema yote tena kwa Kiingereza, polepole, neno kwa neno. Protase alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Mwamvita, mama wa watu asiyewahi kuinua sauti ofisini miaka sita, alimshika kiwiko akakishusha chini.

Yule mzee wa Kimarekani alisimama. Aliinua kiti alichokalia akakitoa nje ya hema, akarudi akachukua cha mkewe. Ndipo Muksini akaanza kufungua kamba.

Lakini aliyeimaliza habari hiyo hakuwa mzee huyo, wala Annastella. Ma Klaudia alitoka mlango wa nyuma. Alikuwa amevua nguo za misa, amejifunga khanga ya zamani kiunoni, mkononi ana panga. Watu wakampisha. Alipita kando ya wageni kama hawapo, akaingia kwenye migomba, yakasikika mapigo mawili matatu ya panga, akatoka anauburuta mgomba mzima, majani na vyote. Akaulaza pale viti vilipokuwa. Akaketi chini, akanyoosha miguu, akapiga kilio.

Kila mtu wa Kihaya anakijua kilio hicho na anajua kinamtaka nini. Wanawake waliweka sahani chini wakaja kukaa naye. Waliokuwa na kofia walivua. Waliokuwa wanapalilia ng'ambo ya barabara walilaza majembe wakaanza kuja, wakiulizana nani amefariki, wakijibiwa kwamba ni Kahangwa. Mzee mmoja alikwenda kuzima moto chini ya sufuria, akayatoa mawe yakiwa bado ya moto, akiyasukuma kwa gogo. Mtu akapanda kiti akateremsha bango, akalikunja vizuri akamkabidhi Protase. Shamba la mradi, miche, ratiba, vyote vilikufa pale pale. Kijiji kilikuwa kimefiwa.

Protase alijaribu. Aliinama karibu na bibi akamwita Ma Klaudia, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakukusudia, kwamba shirika litajengea pale kaburi la saruji, zuri, lenye vigae. Bibi alinyamaza kulia ili amsikie vizuri.

"Wewe ni mtoto wa watu," alimwambia. "Umekuta msiba, na kwenye msiba mwanaume anachimba. Chimba."

Protase alimtazama Annastella, kana kwamba yeye angemwokoa. Akawatazama wanaume wa Kishanda, waliokuwa wamesimama wakisubiri. Akawatazama wageni wake, na mama yule wa makamo alikuwa amekwisha kuweka kamera mkobani. Mwisho akavua tai, akakunja mikono ya shati, akapokea jembe. Hakuna aliyecheka. Alipochoka walimpokea wengine, kisha wakamrudishia.

Ukabaki mgomba. Lazima ukatwe kwa urefu wa marehemu, na aliyeukumbuka barabara urefu wa Kahangwa alikuwa amebaki mmoja tu. Bibi alinyanyuka kujipima, akaweka mkono juu ya kichwa chake, akasita. Miaka ilikuwa imempunguza. Alijitazama mabegani kama anayetafuta kitu alichokuwa nacho jana. Akamwita Annastella.

"Njoo usimame hapa. Mimi nilikuwa hivi ulivyo."

Annastella alisimama. Bibi akamsogelea, akaangalia, akamnyoosha mabega kwa viganja. Kisha akaugusa utosi wa mjukuu wake kwa kiganja kilicho wazi, akasema kwamba kidevu cha Kahangwa kilikuwa kinakaa hapa, alipokuwa anamuaga, siku ile ya kuondoka. Akainua mkono taratibu kutoka hapo, kupita mdomo, pua, paji la uso, nywele, akausimamisha hewani. Watu wote waliutazama mkono huo. Annastella alikuwa analia na hakuthubutu kutikisika.

Wakapima mgomba kwa kamba ya hema, wakaukata, wakaulaza kwenye sanda. Bibi akasogea ukingoni mwa shimo, akachungulia. Protase alikuwa ndani, kajaa udongo mpaka kwenye nyusi, akadhani amemaliza, akanyoosha mkono ili avutwe juu. Bibi hakuupokea.

"Ongeza," alisema. "Kahangwa alikuwa mrefu kuliko wewe."